Mtihani wa Uraia wa Bi Mize

Nchi yetu ya Marashani ina vipande viwili, na hilo si kosa la mtu. Siku mipaka ilipokuwa ikichorwa, babu yake Sultani wetu alikuwa amelala, na waliokuwa wakichora hawakuthubutu kumwamsha. Ndiyo maana nchi jirani ikapata ulimi wa ardhi unaopita katikati yetu mpaka baharini. Upande mmoja wa ulimi huo kuna Kipande Kikubwa, chenye ikulu, hospitali, chuo, na misikiti saba yenye kuba za dhahabu. Upande wa pili kuna Kipande Kidogo, chenye mafuta. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika arobaini kwa gari, ukiwa na pasipoti. Kwa asiyekuwa na pasipoti, urefu wa safari hiyo haujapimwa.

Mimi naitwa Shaame. Ni mwandishi wa vikao katika Ofisi ya Uraia ya Kipande Kidogo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa. Sijawahi kuulizwa maoni, nami sijawahi kuwa nayo, na nadhani ndiyo sababu nimedumu. Habari hizi sizielezi kwa kulalamika. Kwetu hakuna anayelalamika. Hata Idara ya Malalamiko ilifungwa kwa kukosa wateja, baada ya wale wa kwanza kutoonekana tena. Nazieleza kwa sababu Bi Mize alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango.

Bi Mize alikuwa dobi. Alifua ovaroli za wafanyakazi wa visimani, zile zinazorudi nyeusi mpaka mifukoni. Kwa kuwa mafuta yote ya nchi ni amana ya Sultani, hata yale yaliyoingia katika nguo, maji yake ya kufulia hayakuruhusiwa kumwagwa. Aliyakusanya katika mapipa, na kila Ijumaa lori la serikali lilikuja kuyachukua, na karani akampa risiti. Alikuwa na risiti za miaka thelathini, amezitunga kwa uzi.

Yeye hakuwa raia. Alizaliwa katika nyumba ile ile, na mama yake alizaliwa humo humo, lakini babu wa babu yake aliletwa kuchimba visima vya kwanza, na sheria yetu inasema kwamba mtu aliyeletwa hajafika. Watu wa namna hiyo tunawaita Wageni wa Kudumu. Kwa kila watu watatu unaokutana nao Kipande Kidogo, mmoja ni mgeni wa kudumu, na tunawapenda sana, kama mtu anavyompenda mgeni.

Alikuwa na mtoto mmoja, Raya, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Wageni hawaajiriwi na serikali, basi Raya alifundisha barazani kwao. Aliwafundisha wageni wenzake Kitabu cha Nchi, ambacho anayetaka uraia lazima akijue chote. Kina milango minne: Jiografia, Watu, Serikali na Uchumi. Yeye mwenyewe alikwishafanya mtihani mara mbili akaanguka. Mara ya pili alisema kuwa Mto Shukrani unamwaga maji yake baharini, kama alivyosoma, kumbe wiki ile ile kampuni ya mafuta ilikuwa imeukausha na kitabu kimesahihishwa. Jibu jipya ni kwamba mto umepumzika.

Mwaka juzi, baada ya mvua za kwanza, Raya alianza kuvimba miguu. Zahanati yetu ilimpa vidonge vya malaria, kisha vya minyoo, kisha ikamwambia apunguze mawazo. Alipofikia hali ya kutoweza kutembea ndipo ikajulikana kuwa figo zake zimekufa, na kwamba damu yake itasafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki maisha yake yote. Mashine hizo ziko Kipande Kikubwa. Huku kwetu Sultani alitujengea chemchemi ya marumaru yenye taa za rangi.

Mgonjwa aliweza kuvuka. Mkataba wetu na jirani unaruhusu vipite bila pasipoti vitu vya aina mbili: bidhaa, na mtu asiyeweza kusimama. Raya akatiwa katika gari la wagonjwa. Mama yake alikaa naye mpaka kwenye kizuizi cha mpaka, akateremshwa, akasimama kando ya barabara na kikapu cha nguo za mwanawe, kwa sababu katika pirikapirika walisahau kumpa. Dereva alirudi kinyumenyume akakichukua. Bi Mize aliniambia baadaye kwamba alishukuru Mungu kwa kusahau kule, kwa maana kulimpa nafasi ya kumwona Raya mara ya pili.

Baada ya miezi miwili alijaribu kuvuka. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa mteja wake, na alikubali kumbeba amelala kama mgonjwa. Bi Mize alijipaka majivu usoni, akalala chali, akafumba macho. Askari wa mpaka alichungulia, akaguna kwa huruma, akatoa muhuri. Lakini ilikuwa saa sita kamili mchana, na vipaza sauti vikaanza kupiga wimbo wa taifa, ambao unapopigwa kila mtu hupaswa kusimama, ila mgonjwa mahututi. Bi Mize alikuwa ameusimamia wimbo ule kila siku tangu utotoni, mikono ikiwa ndani ya povu au kavu. Kabla hajafikiri, alikwisha kuinuka, akateremka garini, akasimama wima mkono kifuani mpaka ubeti wa mwisho.

Askari naye alikuwa amesimama, basi walitazamana muda wote wa wimbo. Ulipokwisha alimwambia taratibu, "Mama, si ungelala tu." Hakumkamata. Alimwambia dereva kwamba katika utumishi wake wote hajamwona raia aliyesimama vizuri namna ile, kisha akawarudisha.

Ikabaki njia moja. Bi Mize alikuja ofisini kwetu akaomba mtihani, akapewa tarehe ya miezi saba mbele, siku ya Alhamisi. Kusoma alijua kidogo, herufi moja moja kama anayechagua mchele. Kwa hiyo Raya akaamua kumfundisha kwa simu. Kila asubuhi, siku zisizo za mashine, simu iliegemezwa juu ya kopo la sabuni, sauti ikafunguliwa mwisho, na mama akafua huku akijibu. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilikunywa chai yangu nikiwasikiliza.

"Mlima mrefu kuliko yote?" Raya aliuliza siku moja.

"Mlima Utukufu."

"Urefu wake?"

"Wa kweli?"

"Wa kitabuni, mama."

Mlima wetu una mita mia tatu, na kila Sultani anapotimiza mwaka huongezewa mita moja kwa amri. Bi Mize alikuwa akiuona kila alipoanika nguo, na ilimchukua wiki nzima kukubali kutaja mita ambazo hakuziona. Mlango wa Serikali aliupenda, kwa kuwa ni mfupi. Waziri Mkuu ni Sultani, Waziri wa Fedha ni Sultani, Mkuu wa Majeshi ni Sultani, na Kiongozi wa Upinzani pia ni Sultani, maana hakupatikana mwingine wa kuaminiwa na kazi nzito kama hiyo. Mlango wa Uchumi ndio uliomshinda. Raya alimwuliza mafuta ni ya nani, na kila mara mama yake alijibu bila kuinua kichwa kwamba ni ya Sultani.

"Mama, hilo ndilo jibu litakalokuangusha kwenye mtihani. Sema: ni ya wananchi wote, Sultani anawatunzia."

"Sasa mbona maji yangu ya kufulia wanachukua?"

"Wanakutunzia."

Basi wakacheka wote wawili, na mimi upande wangu wa ukuta nikacheka kidogo, kwa kiasi kinachoruhusiwa kwa mtumishi wa serikali.

Kadiri miezi ilivyokwenda, maswali ya Raya yakawa mafupi. Alianza kupumua katikati ya sentensi. Mara nyingine aliuliza swali akanyamaza, na Bi Mize akajibu, akangoja, akajibu tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka binti akasema, "Sawa, mama, nimesikia, ni sahihi." Nilimwona Bi Mize akiisogeza simu karibu zaidi na beseni. Mwishowe aliifunga begani kwa kanga.

Jumanne ya wiki ya mtihani, asubuhi, nilikuwa natoka kwenda kazini, simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya Raya lakini sauti ya mwanamke mwingine. Alikuwa Bi Nunuu, mgonjwa wa kitanda cha jirani wodini, naye mgeni wa kudumu wa Kipande Kidogo. Alisema, "Mama Raya, kaa kwanza." Bi Mize hakukaa. Alifunga bomba, akakamua ovaroli aliyokuwa nayo mkononi, akaitundika, akaibana kwa vibanio, ndipo akamwambia aendelee.

Nilikimbia ofisini kuuliza kama maiti inaweza kuletwa. Mkuu wangu alifungua mkataba akausoma kwa makini sana, nami namsifu kwa hilo. Mkataba unazungumzia mgonjwa asiyeweza kusimama. Marehemu, alisema, ni kweli hasimami, lakini pia si mgonjwa tena. Ugonjwa umekwisha, na cheti cha ugonjwa kimekwisha nao. Nikauliza kama mtihani unaweza kuahirishwa. Kanuni inaruhusu kuahirisha mtahiniwa akifiwa na raia.

Raya alizikwa alasiri ile ile huko huko, na mtunza bustani wa hospitali pamoja na wauguzi wawili wa kiume. Sisi huku tuliweka matanga bila kaburi. Wanawake wa mtaa walikaa naye, na yeye alikaa katikati yao akiwa ameishika simu iliyozimika.

Alhamisi asubuhi alitoka ndani amevaa kaniki, akaniuliza kama ninakwenda kazini. Nilimwambia asiende, mtihani upo mwakani. Akasema, "Shaame mwanangu, mwakani kaburi litakuwa limeota majani, na mimi sijaliona."

Tukaenda pamoja.

Mtahini Mkuu, Bwana Haroub, alikuwa amekuja kwa helikopta. Kabla ya maswali alitoa hotuba, kama ilivyo desturi, akieleza kwamba uraia ni mlango, na mlango hauna thamani bila watu kubaki nje yake. Kwamba wageni wetu, kwa kungoja kwao, wanatoa mchango ambao raia hawezi kuutoa. Watahiniwa kumi na mmoja walipiga makofi. Nikaandika: makofi.

Bi Mize aliitwa wa nne. Aliketi, mikono mapajani, vidole vyake vimenyauka kwa sabuni. Mtahini alimwuliza mlima, akataja mita zote za amri. Alimwuliza Mto Shukrani unapita wapi.

"Haupiti," alisema. "Umepumzika."

Bwana Haroub alifurahi, akasema hajapata jibu safi kama hilo siku nzima. Nilikuwa nikiandika, lakini nilijua nasikia nini. Kila jibu lilitoka na mapumziko ya Raya ndani yake, pale pale alipokuwa akivuta pumzi. Wakafika mlango wa Watu. Mtahini akauliza nchi yetu ina watu wangapi.

"Laki nne, elfu kumi na mbili na watano."

"Kitabu kinasema sita, mama. Fikiri kidogo."

"Walikuwa sita. Mwanangu amefariki Jumanne."

Bwana Haroub aliivua miwani yake. Si mtu mbaya, ana mabinti watatu, na aliinama mbele ili asiseme kwa sauti. "Pole sana, mama. Mungu amrehemu. Lakini huna haja ya kuipunguza. Hakuwamo."

"Hakuwamo wapi?"

"Katika hesabu. Wageni hawahesabiwi."

Bi Mize alinigeukia mimi, kama vile ningeweza kuwa na karatasi nyingine. Nilitazama kalamu yangu. Bi Mize akajifuta uso kwa ncha ya kaniki na kusema, "Basi endelea, baba."

Aliendelea. Alisema mafuta ni ya wananchi wote na Sultani anawatunzia. Alisema bila kukosea hata neno, na bila kutabasamu.

Sheria ya mtihani ni kwamba anayekosa swali moja la mlango wa Watu ameanguka. Mimi niliandika kwamba aliulizwa idadi ya watu akajibu sita. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kuandika lisilosemwa. Bwana Haroub alitia saini pale pale, kwa kuwa wakubwa wetu hutia saini bila kusoma, ili wasionekane kuwatilia shaka watumishi wao. Siku ile Marashani ikawa na watu laki nne, elfu kumi na mbili na saba. Redio ilitangaza jioni, baada ya hali ya hewa.

Pasipoti ilichukua wiki tano. Fomu nilimjazia mimi. Ilipotoka nilichukua likizo, nikaazima gari la shemeji yangu, tukaondoka asubuhi. Pale mpakani askari alikuwa mwingine. Aligonga muhuri, akamtakia safari njema mwananchi, akafungua kizuizi. Haikufika dakika mbili.

Katika ulimi wa jirani kuna migomba, kituo cha mafuta, shule, na mbuzi wengi. Bi Mize alikaa wima akitazama kila kitu kama anayetafuta mahali panapozuia. Tulipoona kuba za dhahabu aliniuliza, "Ni hapa tu?"

"Ni hapa tu, mama."

Tukaenda moja kwa moja hospitali.

Bi Nunuu tulimkuta kwenye mashine, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Wanawe wawili wako Kipande Kidogo, na hajawaona kwa miaka mitatu. Aliushika mkono wa Bi Mize kwa ule wake usio na mipira ya mashine, wakakaa hivyo. Bi Mize alimwomba amweleze asubuhi ile ilikuwaje, na asimpambie. Bi Nunuu akasema Raya aliamka amekasirika. Alikataa uji, akamgombeza muuguzi kwa kuchelewa, akasema mama yake ni mbishi, atakwenda Alhamisi kuwaambia mafuta ni ya Sultani na kazi yote ya miezi saba itapotea bure. Halafu akageukia ukutani akasema atalala kidogo, kisha atapiga simu.

Bi Mize alicheka. Alisema, "Ndiye huyo. Ndiye yeye kabisa." Kicheko kilikwenda, kikapanda, na katikati kikageuka kuwa kile kilio ambacho hakukitoa Jumanne wala kwenye matanga. Wagonjwa waliokuwa kwenye mashine, wasioweza kuinuka, walinyoosha mikono yao kutoka vitandani, kila mmoja kadiri mpira wake ulivyomruhusu.

Kaburi liko nyuma ya chumba cha jenereta, katika safu ya wageni. Hakuna majina, kuna vibao vya namba. Mtunza bustani alitupeleka, na bila yeye tusingelijua. Bi Mize alichuchumaa akang'oa majani, akasawazisha udongo kwa viganja, upande mmoja kisha mwingine, kama anayenyoosha shuka ya mtu aliyelala. Nilisogea mbali. Nilimsikia akimsimulia mtihani, swali kwa swali, kwa sauti ya kawaida ya asubuhi. Alipofika kwenye idadi ya watu nikamsikia akisema, "Hapo niliwapa jibu langu, mwanangu, usinikasirikie."

Alasiri nilimwambia turudi kabla mpaka haujafungwa. Alikuwa amesimama uani mwa wodi akitazama kamba za nguo za wagonjwa. Wasio na ndugu wa kuvuka hufuliwa na mashine kubwa ya hospitali, na nguo zao hutoka na madoa ya damu yaliyokauka. Alilichukua gauni la Bi Nunuu, akalisugua doa kwa kidole, akauliza bomba liko wapi. Nilimwambia tena kuhusu mpaka. Akaniambia, huku akikunja mikono ya nguo yake, kwamba nimwachie mapipa yake jirani wa pili, na risiti nizichome, na kwamba humu ndani amehesabu watu kumi na wanne wenye mama waliobaki upande wa kule.

Yuko huko mpaka leo. Anafua, analisha, anashika mikono ya watu wakati wa sindano, na jioni anawafundisha Kitabu cha Nchi wale wanaotaka. Gazeti la serikali liliwahi kumtaja bila jina, kama ushahidi kwamba huduma za hospitali yetu zimekamilika.

Mimi nilirudi peke yangu. Kwenye kizuizi askari alitazama daftari lake akaniuliza mbona tulipita wawili, mwingine yuko wapi. Nilimjibu kwamba amebaki kwa mwanawe. Akaifungua nakala ya fomu ya pasipoti, akateremsha kidole mpaka kwenye sehemu ya watoto, akasema hapa imeandikwa kuwa mama huyu hana mtoto na hajapata kuzaa. Sababu niliijua: kwa sheria raia hawezi kuandikiwa mtoto ambaye ni mgeni, na fomu ingekataliwa.

Nilimwambia ndiyo, imeandikwa hivyo, naufahamu mwandiko huo.

Akafungua kizuizi, nikapita.